Vitamutamu Visivyotiwa Siagi: Ni Mafuta Gani Yanayokaa Mahali Pake?

Katika kliniki za moyo, kisukari na shinikizo la damu, agizo la kupunguza siagi hutolewa mara kwa mara. Agizo hilo ni sahihi. Hata hivyo, kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki huenda lisibadilishe chochote katika mlo wake. Jikoni kwa Waswahili siagi hupakwa mkate wa chai na huingia katika keki, lakini vitamutamu vingi vya asili havikuijua tangu mwanzo. Mkate wa kumimina, vitumbua, kaimati, kashata, tambi za nazi, ndizi mbivu za kupikwa kwa tui: vyote hivi hupikwa bila siagi hata kidogo. Mgonjwa anayevipenda anaweza kulitii agizo la daktari kikamilifu, akarudi baada ya miezi mitatu, na kipimo chake cha lehemu kikawa vilevile.

Makala haya yanaeleza kazi ya siagi katika chakula kitamu, vitu vinavyoshika nafasi yake katika mapishi ya pwani, na namna mgonjwa na mhudumu wa afya wanavyoweza kuchagua vema bila kuufuta utamu katika maisha ya nyumbani.

Kazi ya siagi katika chakula

Siagi ni mafuta ya maziwa. Takriban asilimia 80 ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Katika keki na biskuti siagi hufanya kazi tatu. Kwanza, huzizunguka chembe za unga wa ngano na kuzuia protini yake isiungane kuwa nyuzi ndefu zinazovutika. Ndiyo maana keki huwa laini na mkate wa kawaida hutafunika. Pili, siagi ikisagwa pamoja na sukari hubeba viputo vya hewa vinavyoiumua keki. Tatu, huleta harufu na ladha yake.

Mkate wa kumimina haukuhitaji msaada huo, kwa kuwa mchele hauna protini inayofanya nyuzi kama za ngano. Ulaini wake hutokana na mchele uliolowekwa na kusagwa hadi ukawa kama maziwa mazito, na matundu yake hutokana na hewa ya hamira. Harufu huletwa na iliki, na utajiri wa ladha huletwa na tui. Kwa hiyo mpishi wa pwani hakuiondoa siagi kwa ajili ya afya. Chakula chake hakikuwa na kazi ya kuipa.

Kutokuwamo kwa siagi, basi, ni habari ya upishi. Ili iwe habari ya afya, ni lazima swali la pili liulizwe: ni mafuta gani yaliyomo, na ni kiasi gani?

Siagi yenye jina jingine

Baadhi ya vitamutamu husemwa kuwa havina siagi ilhali vina samli. Halua ya Zanzibar na Oman hupikwa kwa wanga, sukari, samli, iliki na zafarani. Vileja huumbwa kwa unga wa mchele, sukari na samli. Visheti navyo mara nyingi hukandwa kwa samli kabla ya kukaangwa na kutiwa katika shira. Samli ni siagi iliyochemshwa hadi maji yake yakatoka na chembe za maziwa zikachujwa. Kinachobaki ni karibu mafuta matupu. Kijiko cha samli kina mafuta mengi kuliko kijiko cha siagi, na mgonjwa aliyeacha siagi akaendelea na samli amebadili jina tu.

Jambo la pili ni majarini, ambayo watu wengi huiita siagi dukani na nyumbani. Majarini ilibuniwa mwaka 1869 na mkemia Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès, ambaye alitumia mafuta ya ng'ombe. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kwa kuyapitishia haidrojeni, na njia hiyo ikafungua mlango wa mafuta magumu ya mimea. Mafuta hayo yakigandishwa nusu nusu hutoa aina iitwayo mafuta ya transi, ambayo huongeza lehemu mbaya na kupunguza lehemu nzuri kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani liliyatolea nchi zote wito mwaka 2018 kuyaondoa katika viwanda vya chakula ifikapo mwisho wa 2023. Si kila majarini ya leo ina mafuta hayo, kwa hiyo inafaa kusoma maandishi ya kopo. Yakitaja mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, kopo hilo lirudishwe rafuni.

Nazi na maandishi ya «hayana kolesteroli»

Nazi ndiyo nguzo ya vitamutamu vya pwani, na ndiyo inayowatatiza zaidi wagonjwa. Chupa nyingi za mafuta ya mimea huandikwa kwamba hazina kolesteroli, yaani lehemu. Maneno hayo ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, yakiwemo ya nazi, kwa sababu mimea haitengenezi lehemu kwa kiasi cha kuhesabika. Lakini sehemu kubwa ya lehemu iliyomo katika damu hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo mtengenezaji mkuu. Mtu anapokula kwa wingi mafuta yaliyoshiba, yaani yale yenye tabia ya kuganda, ini huzoa kidogo lehemu mbaya iliyo katika damu, nayo hubaki ikizunguka. Hiyo ndiyo inayopimwa maabara kwa jina la LDL, na ndiyo inayojikusanya katika kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni kiasi cha mafuta yaliyoshiba. Katika kila gramu 100, siagi ina takriban gramu 51 za mafuta hayo, samli takriban 62, na mawese karibu 50. Mafuta ya nazi yana zaidi ya gramu 80. Mafuta ya karanga yana chini ya 20, ya ufuta takriban 14, na ya alizeti takriban 11. Msomaji ataona mara moja kwamba kijiko cha mafuta ya nazi kina mafuta yaliyoshiba mengi kuliko kijiko cha siagi alichokatazwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2000, kiasi hicho ni gramu 22 hivi. Gramu 100 za nazi mbichi iliyokunwa zina takriban gramu 30. Anayekula vipande kadhaa vya kashata ya nazi jioni, baada ya wali wa nazi na mchuzi wa nazi mchana, amekwisha kuuvuka mpaka huo bila kugusa siagi.

Haya hayamaanishi kwamba nazi ni sumu. Tui likitumika kwa kiasi katika mlo wenye samaki, kunde, mboga na matunda halina kosa kwa mtu mwenye afya. Isitoshe, tui si moja. Tui la kwanza, ambalo baadhi ya wapwani huliita kasimile, ndilo zito na lenye mafuta mengi. Tui la pili, linalokamuliwa baada ya machicha kuongezwa maji, ni jepesi. Mpishi anayetumia tui la pili pekee hubakiza harufu ya nazi huku akiacha sehemu kubwa ya mafuta yake.

Funzo kutoka Mauritius

Huenda mtu akauliza kama kubadili mafuta ya kupikia kunaweza kweli kuonekana katika damu ya watu wa kawaida. Kisiwa cha Mauritius kinatoa jibu. Hadi mwaka 1987 mafuta ya kupikia yaliyouzwa huko kwa mgao wa serikali yalikuwa kwa sehemu kubwa mawese. Serikali ikayabadilisha yakawa ya soya, sambamba na kampeni ya kuhimiza afya bora. Wachunguzi waliopima damu za wananchi mwaka 1987 na tena 1992 walikuta wastani wa lehemu umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Walikadiria kwamba badiliko la mafuta lilieleza sehemu ya upungufu huo, si wote. Hata sehemu hiyo si ndogo, kwa kuwa watu hawakuacha kupika wala kukaanga. Chupa iliyokuwa jikoni ndiyo iliyobadilika.

Funzo hilo linaihusu kaimati moja kwa moja. Kaimati na vitumbua hupita katika mafuta, na aina ya mafuta hayo ndiyo huamua nusu ya habari yake. Alizeti hulimwa kwa wingi Singida na Dodoma, na mafuta yake ni badala nzuri ya mawese na samli. Namna ya kukaanga pia ina uzito wake. Donge likitumbukizwa katika mafuta yasiyopata moto wa kutosha hunywa mafuta mengi kabla ya ganda lake kukauka. Na mafuta yaliyotumika mara nyingi hadi yakawa meusi, mazito na yenye povu yamekwisha kuharibika. Hayafai kuchujwa na kurudishwa jikoni.

Sukari haikuondoka pamoja na siagi

Vitamutamu vingi visivyotiwa siagi hufidia kwa sukari. Kaimati hutoka katika karai ikaingia katika shira. Kashata ya karanga ina mafuta mazuri, kwa kuwa mengi ya mafuta ya karanga hayajashiba, lakini karanga hizo hushikanishwa kwa sukari iliyoyeyushwa. Ubuyu wa rangi hauna mafuta ya kuogofya, ila kila punje imevikwa sukari.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, shira na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mlo wa kilokalori 2000, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko vya chai 12 vya wastani. Chai mbili zenye vijiko vitatu kila moja zimekwisha kuchukua nusu ya kiasi hicho kabla ya kitamutamu chochote kuletwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari kuna jambo la kuongeza. Wanga wa mchele na wa ngano nao hugeuka kuwa sukari mwilini. Mkate wa kumimina uliopunguzwa sukari ungali chakula cha wanga, na kipande chake huhesabiwa mahali pa wali au chapati ya mlo huo, si juu yake. Tende nazo ni tunda lenye nyuzinyuzi na madini, lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari. Mbili au tatu wakati wa kufuturu zinatosha.

Mapishi matatu ya kujaribu nyumbani

Mkate wa kumimina wenye sukari kidogo. Vikombe viwili vya mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji humwagwa, mchele ukasagwa pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui la pili, kijiko kimoja cha chai cha hamira na punje chache za iliki, hadi uji uwe laini kabisa. Uji hufunikwa mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, hadi uumuke. Ndipo hutiwa robo kikombe cha sukari na ute wa yai moja uliopigwa, vikachanganywa taratibu. Sufuria hupakwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, ikapashwa moto, uji ukamiminwa. Mkate huiva kwa moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko, au katika joko la nyuzi 180, hadi kijiti kikichomekwa katikati kitoke kikavu. Ukikatwa vipande vinane, kila kipande kina sukari ya kuongezwa gramu sita hivi. Kwa kikombe kizima cha sukari, kama wengi walivyozoea, kila kipande kingekuwa na gramu 25, yaani nusu ya kiwango cha juu cha siku nzima.

Ndizi mbivu kwa tui jepesi. Ndizi zilizoiva sana zina utamu wa kujitosheleza. Humenywa, hukatwa vipande vinene na kupikwa katika tui la pili pamoja na iliki na chembe ya chumvi, hadi tui lishikane nazo. Sukari haihitajiki. Boga na viazi vitamu hupikwa kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa wa kisukari huchukua sahani ndogo na kuipunguza kutoka katika wanga wa mlo wake.

Kashata ya karanga na ufuta. Karanga huchaguliwa kwanza, na zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu hutupwa, kwa kuwa huenda zikabeba sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kukaangwa na hudhuru ini. Karanga na ufuta hukaangwa vikavu bila mafuta. Kwa kila vikombe viwili vya mchanganyiko huo huyeyushwa nusu kikombe tu cha sukari, vikachanganywa upesi, vikatandazwa na kukatwa vipande vidogo kabla ya kupoa. Kashata hii huvunjika kwa urahisi kuliko ile ya sukari nyingi, lakini karanga ndizo zinazosikika mdomoni.

Wagonjwa wanaohitaji uangalifu wa pekee

Mzio wa maziwa. Mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa hapaswi kupewa siagi, wala samli, kwa kuwa chembe za protini huweza kubaki baada ya kuchujwa. Majarini nyingine nazo hutiwa viambato vya maziwa. Mkate wa kumimina wa tui unamfaa mtoto huyu, mradi hana mzio wa yai, na mradi mpishi hakuongeza maziwa ya unga.

Tumbo lisilomudu maziwa. Hali hii ni tofauti na mzio. Mtu hukosa kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa, akapata gesi na kuharisha. Siagi ina sukari hiyo kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo watu wengi wa kundi hili huimudu. Mhudumu wa afya asichanganye hali hizi mbili, kwani moja huleta usumbufu na nyingine yaweza kuhatarisha maisha.

Mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho. Hapa jumla ya mafuta ina uzito sawa na aina yake. Kaimati iliyokaangwa kwa alizeti bado imekaangwa, na yaweza kuamsha maumivu. Matunda na mkate wa kumimina wa tui jepesi ni chaguo salama zaidi.

Mgonjwa anayetumia insulini. Sukari ya damu ikishuka ghafla, mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka au kuanza kuchanganyikiwa, asipewe kashata wala halua. Mafuta yaliyomo hukawiza chakula tumboni, na sukari huchelewa kufika katika damu. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Swali linalofaa kuulizwa kliniki

Swali la «Unakula siagi?» hupata jibu fupi na la kweli lisilomsaidia mtu. Mhudumu wa afya atapata zaidi akiuliza: Nyumbani kwenu kitamutamu kinachopendwa ni kipi? Hupikwa kwa tui, samli au mafuta gani? Sukari hutiwa kiasi gani? Huliwa mara ngapi kwa juma, na nani hukipika? Swali la mwisho ni la maana kuliko linavyoonekana. Mara nyingi mgonjwa ni babu au baba, na anayeshika mwiko ni mke, binti au mkamwana. Ushauri usiomfikia mpishi huishia mlangoni mwa kliniki.

Ushauri huo pia unapaswa kutaja kitu cha kufanya. Mgonjwa aliyeambiwa aache vyote vitamu huweza kunyamaza na kuendelea kula kwa siri, hasa mwezi wa Ramadhani na siku za Idi na harusi, ambapo kukataa sinia ya mwenyeji ni jambo zito. Ni vyepesi zaidi kumwambia: tui la pili mahali pa kasimile, alizeti mahali pa samli na mawese, robo ya sukari mahali pa kikombe, kipande kimoja mahali pa vitatu, na kaimati kwa siku ya sherehe. Hayo ni mambo ambayo bibi aliyepika mkate wa kumimina miaka arobaini anaweza kuyapima kwa mkono wake mwenyewe, na familia nzima ikala sahani moja na mgonjwa wao.

Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza lehemu au za kisukari asiziache kwa sababu amebadili mapishi. Mapishi mapya na dawa hufanya kazi pamoja, na kipimo cha damu katika mahudhurio yajayo ndicho kitakachoonyesha kama kuna haja ya kurekebisha chochote.